Mirunda, fremu, mabomba au mnara wa magurudumu: jukwaa lipi lifae saiti yako?

Ukuta ukishavuka usawa wa kifua, fundi anahitaji mahali pa kusimama. Hapo ndipo mwenye nyumba, foremani na mkandarasi mdogo huanza kuvutana. Mmoja anasema mirunda, yaani miti ya kujengea, imebaki kwenye slabu, itumike. Mwingine ameona fremu za kukodi saiti ya jirani. Wa tatu ana mabomba na klampu alizonunua kwenye mradi uliopita. Mchora rangi naye anataka mnara wa magurudumu, autumie ndani na nje.

Aina zote nne zinajenga nyumba, na zote nne zimeangusha watu. Tofauti ipo kwenye namna kila moja inavyoanguka, na ni nani awepo kuizuia isianguke. Makala hii inawahusu wanaojenga nyumba ya chini hadi ghorofa tatu nne, Tanzania au Kenya. Ukivuka hapo, mhandisi achore jukwaa na kulisaini kama anavyosaini nondo.

Vigezo tutakavyotumia

Kila aina tutaipima kwa mambo matano: mzigo inaobeba, ardhi na kimo inachokivumilia, ujuzi wa anayeifunga, mahali inapoharibikia, na gharama yake halisi. Humo humo tutaangalia mtu akiumia juu atashushwaje, maana hilo husahaulika mpaka siku lenyewe linapotokea.

Mzigo ndio watu hukadiria vibaya kuliko yote, kwa hiyo tuupigie hesabu sasa hivi. Kiwango cha Ulaya EN 12811 kinagawa majukwaa kwa madaraja. Daraja la 3, la kazi za kawaida, hubeba takriban kilo 200 kwa kila mita ya mraba, na daraja la 4, linalofaa kujengea matofali, takriban kilo 300. Chukua chumba kimoja cha jukwaa la fremu, yaani nafasi kati ya fremu mbili, chenye upana wa mita 1.22 na urefu wa mita 1.83. Hizo ni mita za mraba 2.23. Kwa daraja la 3 chumba hicho kinabeba kama kilo 446. Toa mafundi wawili, kilo 160. Toa karai mbili za udongo wa saruji, kilo 50 hivi. Zinabaki kilo 236. Tofali la saruji la nchi 6 lenye urefu wa sentimita 45 lina kilo 25 hadi 30, kwa hiyo umebakiwa na nafasi ya matofali manane. Kwa daraja la 4 yanafika kama 16. Sasa kumbuka saidia fundi wa kawaida hupanga mangapi juu ili asipande mara kwa mara. Ni 30, 40, tena yote sehemu moja, katikati ya ubao.

Yasiyobadilika, uchague lolote

Nguzo haisimami juu ya udongo mtupu, wala juu ya tofali au jiwe. Juu ya udongo weka ubao wa nchi 9 wenye urefu wa nusu mita na unene usiopungua sentimita 3.5, ndipo pleti (kitako cha chuma cha nguzo) au mti ukae juu yake. Jukwaa la nje karibu kila mara husimama juu ya kifusi kilichorudishiwa kando ya msingi, na hiyo ndiyo ardhi laini kuliko yote kwenye kiwanja. Siku ya kwanza inaonekana ngumu. Mvua moja ikinyesha, nguzo mbili zinazama vidole vitatu, reli ya kuzuia watu wasianguke inapinda na jukwaa zima linaegemea nje. Shindilia upya kifusi hicho kwa tabaka za sentimita 15 kabla ya kupandisha chochote.

Mbao za kukanyagia: unene wa milimita 38, umbali kati ya mihimili inayozibeba usizidi mita 1.5. Mbao ya milimita 50 kamili inaruhusiwa mpaka mita 2.6 kwa mbao iliyochaguliwa na kupangwa madaraja. Paini yetu ya dukani, inayoitwa nchi 2 lakini ukiipima unakuta milimita 45 na mafundo tele, ibaki ndani ya mita 1.5 au 1.8. Ubao wa nchi moja usikanyagwe juu kabisa. Ncha ya ubao ivuke mhimili kwa sentimita 5 au zaidi, lakini isivuke mara nne ya unene wake. Ikipita hapo, atakayeikanyaga ncha atainua upande wa pili na kwenda nao chini.

Reli ya juu iwe kati ya sentimita 95 na 110 kutoka unaposimama, reli ya katikati isiache pengo la zaidi ya sentimita 47, na ubao wa miguuni uwe wa sentimita 15 ili nyundo au nusu tofali lisimshukie aliye chini. Ngazi ya kupandia iwe ngazi kweli, ifungwe juu, na ivuke sakafu ya jukwaa kwa kama mita moja. Waya za umeme zikipita karibu, piga simu TANESCO au Kenya Power kabla hujasimamisha nguzo ya kwanza. Usidanganywe kwamba mti hauna umeme, kwani mrunda mbichi au uliolowa mvua unapitisha.

Sheria nayo haijali umetumia nini. Tanzania, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inasimamiwa na OSHA, na Kenya ipo ya 2007 chini ya idara ya DOSHS. Zote mbili zinamwekea mwajiri wajibu wa kuweka mahali pa kazi salama. Kumpa kazi fundi "kwa jumla" hakukuondolei wajibu huo kirahisi kama wengi wanavyodhani.

Jukwaa la mirunda

*Mzigo.* Mrunda mnyoofu, mkavu, usiopungua milimita 80 kwenye ncha nyembamba, hubeba vizuri ukisimama wima na ukifungwa kila mita mbili. Udhaifu uko kwenye maungio. Msumari uliopigwa kwenye mti wa duara unashika mstari mmoja tu wa nyuzi, na mzigo wote wa jukwaa unaning'inia hapo. Dawa yake ni rahisi na haigharimu kitu: chini ya kila mti wa mlalo pigilia kibao cha kushikilia, urefu wa sentimita 30, kwa misumari minne ya nchi 4 kwenye nguzo. Mlalo ukae juu ya kibao. Misumari yake yenyewe inabaki kazi ya kuuzuia usiteleze.

*Ardhi na kimo.* Hapa mirunda inashinda wenzake kwenye kiwanja chenye mteremko au udongo usio sawa, kwa sababu kila nguzo unaikata kwa urefu wake au unaichimbia sentimita 60. Kimo ndicho kikomo chake. Juu ya mita 6 unalazimika kuunganisha mti kwa mti, na muungo wa kupigilia ubavuni kwa misumari mitatu hauna nafasi kwenye nguzo inayobeba watu. Ukilazimika, miti ipishane mita moja au zaidi, ifungwe sehemu mbili, na wa juu ukanyage juu ya wa chini. Sisi tunaona kikomo cha mirunda ni ghorofa moja, na hapo hapo kuwe na fundi anayeijua.

*Ujuzi.* Watu hudhani jukwaa la miti ni la yeyote mwenye nyundo. Kinyume chake, ndilo linalodai jicho zuri kuliko yote, kwa kuwa hakuna kipande kinachofanana na kingine na hakuna kiwanda kilichokipima. Hong Kong wamepandisha maghorofa marefu kwa mianzi kwa vizazi vingi, lakini wanaofunga kule wamesomea kazi hiyo. Kwetu nani amefunzwa kufunga mirunda? Mara nyingi ni saidia fundi aliyeambiwa asubuhi.

*Linapoharibikia.* Mti mbichi unakauka na kusinyaa, kamba au waya uliokuwa umebana wiki ya kwanza unalegea wiki ya tatu. Mkaratusi ukikauka unapasuka kwa urefu, hasa palipopigiliwa misumari kwenye ncha. Sehemu iliyochimbiwa ndiyo mchwa na uozo huanzia, tena kwa ndani. Ichome kwa bisibisi usawa wa ardhi: bisibisi ikiingia bila kusukumwa sana, mti huo ni kuni. Kosa jingine ni kukalisha ncha ya kipingo, yaani mti mfupi wa mlalo unaobeba mbao, kwenye tundu la ukuta uliojengwa jana. Udongo haujashika, fundi akipanda na mzigo tofali linachomoka, na kozi mbili za juu yake zinamfuata. Subiri ukuta ukomae, na kipingo kiingie sentimita 7.5 hadi 10. Kama huwezi kusubiri, weka safu mbili za nguzo ili jukwaa lijitegemee.

Kumshusha majeruhi ni shida, kwa sababu mirunda mingi haina ngazi yoyote. Watu wanapanda kama mnazi.

*Gharama.* Bei ya kuanzia ndiyo ndogo kuliko zote, ila hesabu hairudi yote. Mirunda iliyojaa misumari inafaa saiti mbili, tatu ikitunzwa. Ongeza siku za kufunga na kufungua, na mbao zinazopasuka. Kwa mradi wa miezi mingi, bei inaanza kukaribiana na ya kukodi.

Linamfaa anayejenga nyumba ya chini au ghorofa moja mbali na wakodishaji, na hasa mwenye kiwanja cha mteremko.

Jukwaa la fremu

Hizi ndizo fremu za chuma zenye umbo la mlango, zinazoshikana kwa mikasi, yaani vyuma viwili vinavyokatizana. Nyingi zilizo sokoni zina upana wa mita 1.22 na kimo cha mita 1.7, au zaidi kidogo.

*Mzigo.* Muulize mkodishaji daraja la fremu zake na akuandikie. Asipoweza kukujibu, hesabu kwa kilo 200 kwa mita ya mraba. Ujenzi wa tofali zito unataka fremu imara zaidi au matofali machache juu. Kwa lipu, rangi na madirisha, fremu za kawaida zinatosha.

*Ardhi na kimo.* Fremu inapenda sakafu iliyolingana. Kwenye mteremko unahitaji jeki za kuzungusha chini ya kila mguu, na jeki nazo zina mwisho. Ikizungushwa mpaka imebaki nyuzi chache ndani ya bomba, mguu unayumba. Kuhusu kimo, kanuni ya Marekani ni nyepesi kukumbuka: jukwaa likizidi mara nne ya upana wa kitako chake, lazima lifungwe kwenye jengo. Mara nne ya 1.22 ni mita 4.88. Fremu tatu za 1.7 zinakufikisha 5.1. Kwa maneno mengine, ukishaweka ya tatu, umevuka. Tunashauri ulifunge kwenye jengo kila mita 4 kwenda juu, na kila fremu ya tatu kwenda pembeni, kwa bomba na klampu iliyoshika nguzo ya zege au kingo za tundu la dirisha. Waya wa kufungia nondo hauhesabiki hapa. Unavuta tu, hausukumi, na jukwaa linaweza kuanguka upande wowote.

*Ujuzi.* Kijana makini anafundishwa siku moja. Uzuri wa fremu ni kwamba vipande vinafanana na makosa yake yanahesabika. Ubaya ni kwamba urahisi huo unamfanya kila mtu ajione fundi wa jukwaa.

*Linapoharibikia.* Kwanza, pini za maungio. Fremu ya juu inachomekwa tu juu ya ya chini, na bila pini upepo au kamba ya kuvutia ndoo inaweza kuinyanyua. Pini zinapotea, nafasi yake inachukuliwa na kipande cha nondo ya milimita 8, baadaye na hakuna kitu. Pili, mikasi. Mtu anataka kupita na toroli, anatoa mkasi mmoja, jioni haurudi. Fremu zilizosimama bila mikasi zinalala zote kwa pamoja kama karata. Tatu, kuchanganya fremu za watengenezaji wawili: mabomba yanaingiana, lakini matundu ya mikasi yanapishana sentimita moja mbili, na nyundo inatumika kulazimisha.

Mkasi pia si reli, ingawa kila mahali unatumiwa hivyo. Kanuni za Marekani zinauruhusu kusimama badala ya reli ya katikati pale unapokatiza kati ya sentimita 50 na 80, au badala ya reli ya juu ukikatiza kati ya 97 na 130. Haziruhusu vyote viwili kwa mkasi mmoja. Reli nyingine lazima uiongeze.

Ukikodi fremu zenye sakafu za chuma za kulabu na ngazi ya ndani, kumshusha majeruhi kunawezekana bila miujiza. Fremu tupu na mbao za kubahatisha zinakurudisha kwenye hali ya mirunda.

*Gharama.* Kodi inahesabiwa kwa siku au wiki kwa kila fremu, na hapo ndipo wengi wanakatwa. Orodha ya kwanza huwa ya fremu na mikasi tu, halafu pleti, pini, sakafu na reli zinaonekana "za ziada" na zinaachwa. Linganisha bei za seti kamili, vinginevyo hujalinganisha kitu.

Mfano wa ukuta wa mita 12.8, sakafu ya juu ikiwa mita 5.1: vyumba saba vya mita 1.83 vinataka fremu 8 kwa tabaka, tabaka tatu ni fremu 24. Mikasi ni miwili kwa kila chumba kwa kila tabaka, jumla 42. Pleti 16. Pini 32. Mbao za sentimita 22.5 ni tano kwa upana, mara vyumba saba, jumla 35 kwa sakafu moja, na haziruhusiwi kutoka fremu hadi fremu bila mhimili wa katikati ikiwa ni za milimita 38. Bado nguzo fupi za juu za kushikia reli. Ukipelekewa saiti fremu 24, mikasi 30 na pleti 8, ujue kilichoachwa dukani ni usalama wa watu wako.

Linafaa: lipu, rangi na madirisha ya jengo lenye kuta zilizonyooka, ghorofa moja hadi tatu, karibu na mji penye wakodishaji zaidi ya mmoja.

Jukwaa la mabomba na klampu

*Mzigo.* Likifungwa sawasawa ndilo linalobeba kuliko yote, maana umbali wa nguzo unauchagua mwenyewe. Kwa tofali, nguzo kila mita 1.8 hadi 2.1, na mlalo kila mita 2 kwenda juu. Klampu ya pembe mraba ya daraja A inakubalika kubeba kilonyuton 6.1, takriban kilo 620, iwapo nati yake imekazwa ipasavyo, kama nyutonimita 50. Ikilegea, namba hiyo haipo tena.

*Ardhi na kimo.* Linazunguka kona, linapanda ngazi, linavuka karo, linaingia chini ya baraza. Jengo lenye viduara na vibaraza vingi halina jibu jingine la chuma. Kwa kimo, ni aina inayoenda juu kuliko nyingine hapa, kwa masharti ya mchoro, mishazari na kufungwa kwenye jengo.

*Ujuzi.* Hapa pana mlima. Mfungaji lazima ajue klampu ipi iende wapi: ya pembe mraba kwenye mihimili inayobeba, ya kuzunguka kwenye mshazari tu, na ya kuunganishia mahali bomba linapokutana na bomba. Maungio ya nguzo jirani yasiwe usawa mmoja. Tumeona majukwaa ambayo nguzo zote zimeungwa mita 6 juu, kwa sababu bomba lina mita 6. Hapo umejiwekea bawaba.

*Linapoharibikia.* Bomba lenyewe kwanza. Bomba la jukwaa lina kipenyo cha nje cha milimita 48.3 na unene wa milimita 3.2 au 4. Sokoni lipo la uzio, kipenyo kile kile, unene wa milimita 2, na likishapakwa rangi huwezi kulitofautisha kwa macho. Lipeleke kwenye mizani. La mita 6 lenye unene wa 4 lina kama kilo 26, la 3.2 kama kilo 21, na la 2 halifiki kilo 14. Anayekodisha hawezi kubishana na mizani.

Klampu zikague moja moja kwa kuzifungua na kuzifunga kwa mkono: nati iliyokwama kwa zege, boliti iliyopinda au sikio lenye ufa zitupwe kando siku hiyo hiyo na zipigwe rangi nyekundu zisirudi. Mabomba ya alumini na ya chuma yasichanganywe kwenye jukwaa moja bila mhandisi.

Kumshusha majeruhi kunategemea umeacha nafasi ya ngazi yenye sakafu za kupumzikia. Bomba linakuruhusu kuijenga vizuri, ila haliji nayo.

*Gharama.* Kubwa kuanzia, na ngumu kukadiria. Ukuta ule ule wa mita 12.8 utakula klampu zaidi ya 100 kirahisi, na nguzo za safu mbili peke yake ni karibu kilo 400 za chuma. Ongeza gari na siku za wafungaji. Upande wa pili, mabomba hayachakai haraka. Mkandarasi mwenye kazi mfululizo akiyanunua yanamrudishia. Klampu ndizo zinazopotea. Zihesabu kwa gunia wakati wa kutoka na wa kurudi.

Jukwaa hili ni la mkandarasi mwenye timu ya kudumu, jengo lenye umbo gumu, na kazi ya tofali zito au mawe.

Mnara wa magurudumu

Huu tuupitie haraka, kwa sababu kazi yake ni nyembamba. Unabeba watu wawili na vifaa vyao: rangi, waya, bodi za dari. Tofali hapana. Unataka sakafu ngumu, iliyolingana, isiyo na mashimo, kwa hiyo ni wa ndani au wa baraza la zege. Kimo cha sakafu ya juu kisizidi mara tatu ya upande mwembamba wa kitako ukiwa nje: kitako cha mita 1.35 kinakupa kama mita 4. Ukitaka zaidi, fungua miguu ya pembeni inayopanua kitako. Kufunga ni rahisi ukifuata kitabu chake, na ngazi yake ya ndani ni bora kuliko za wote hapo juu.

Unaanguka kwa sababu mbili tu, karibu kila mara. Wanausukuma mtu akiwa juu, gurudumu linaingia kwenye mfereji wa waya au linagonga kipande cha tofali. Au breki za magurudumu hazikufungwa, aliye juu anasukuma ukuta kwa kuchimba tundu na mnara unarudi nyuma. Sharti moja liandikwe juu yake kwa rangi: hausogezwi mpaka wote washuke na ndoo zishuke. Unapatikana kwa kukodi mijini, na kwa mradi wa siku chache ndani ya ukumbi, kanisa au msikiti, ni nafuu kuliko kufunga fremu chumba kizima.

Vipi kuhusu mkanda wa usalama?

Swali hili hutokea pale mtu anapotaka kuacha reli: "Si wamevaa mikanda?" Piga hesabu. Kamba ya mita 2, kifyonza mshtuko kinachofunguka hadi mita 1.75, kimo cha mtu kutoka kifundo cha mgongoni hadi miguuni kama mita 1.5 na zaidi, na mita moja ya akiba. Jumla inazidi mita 6 chini ya mahali kamba ilipofungwa, ikiwa imefungwa usawa wa miguu. Jukwaa lenye mita 4 halina nafasi hiyo, na mtu atafika chini kabla mkanda haujamaliza kazi. Kamba fupi iliyofungwa juu ya kichwa inasaidia, lakini ifungwe kwenye zege au chuma cha jengo, kamwe isifungwe kwenye mrunda wala reli. Mkanda unamfaa zaidi anayefunga na kufungua jukwaa, wakati reli bado hazijawekwa. Aliyening'inia kwenye mkanda naye ashushwe ndani ya dakika chache, maana mikanda ya mapajani inazuia damu kurudi. Kama hakuna aliyepangiwa kumshusha, hujakamilisha mpango.

Majukumu hayo yapangwe asubuhi, kabla kazi haijaanza: nani anapiga simu (zimamoto na uokoaji Tanzania ni 114, Kenya dharura ni 999 au 112), nani anafungua geti na kusimama barabarani kuonyesha njia, sanduku la huduma ya kwanza liko wapi na ufunguo uko kwa nani. Aliyeanguka kutoka juu asiinuliwe mikono na miguu na kupakiwa kwenye bajaji. Asisogezwe mpaka shingo na mgongo vishikiliwe, ila tu kama hapo alipo pana hatari nyingine.

Ukaguzi ni kabla ya kutumia mara ya kwanza, kila siku 7, na kila baada ya mvua kubwa, upepo au mtu kubadilisha chochote. Waingereza wameandika siku hizo 7 kwenye kanuni zao na ni desturi nzuri kuiga. Kibao cha kijani kining'inizwe kwenye ngazi kikiwa na tarehe na jina la aliyekagua, chekundu pale jukwaa halijakamilika.

Kulingana na hali yako

Unajenga nyumba ya chini kijijini, mkodishaji wa karibu yuko kilomita mia: mirunda, safu mbili za nguzo, vibao vya kushikilia chini ya kila mlalo, ngazi moja ya kweli. Pesa uliyookoa nunulia mbao nzuri za kukanyagia.

Ghorofa moja au mbili mjini, kuta zimeshasimama, imebaki lipu na rangi: fremu za kukodi, seti kamili. Lipu ya nje ipangwe upande kwa upande ili ukodi fremu za upande mmoja na kuzihamisha, badala ya kuzunguka nyumba nzima kwa seti pungufu.

Matofali bado yanapanda hadi ghorofa ya pili: mabomba kama una wafungaji, fremu nzito za daraja la 4 kama huna. Vyovyote vile, matofali yapandishwe kwa winchi hadi kwenye slabu, na jukwaani yafike ya saa moja tu ya kazi.

Kiwanja cha mteremko mkali, upande mmoja umeinuka mita 2: mabomba, au mirunda kama ni nyumba ya chini. Fremu zikitumika, kata ngazi za usawa kwenye udongo kwanza, usitegemee jeki.

Udongo wa mbuga na masika yameanza: chochote cha chuma, juu ya mbao ndefu zinazobeba nguzo mbili mbili, na ukaguzi kila asubuhi yenye mvua badala ya kila wiki. Kama unaweza, subiri.

Kazi ya dari, umeme au rangi ndani ya ukumbi wenye sakafu ya zege: mnara, mchana mmoja wa kuwafundisha watakaoutumia, na mtu mmoja mwenye amri ya kusema usogezwe.

Tayari una mirunda na fremu chache, unafikiri kuchanganya: fremu ziende upande wenye ardhi ngumu, mirunda upande mwingine, kila jukwaa lijitegemee na kufungwa kwenye jengo peke yake. Usilaze mrunda juu ya fremu ili kuziba pengo la vyumba viwili. Hapo hakuna aliyejua uzito, na misumari haishiki kwenye bomba.